Namna ya kupata kazi na kuimudu ukiwa na ulemavu wa kuona

Mwajiri anayesita kumwajiri mtu asiyeona mara nyingi hana chuki naye. Ana swali moja asilojua amuulize nani: huyu atafanyaje kazi hii? Akikosa wa kumjibu, hujijibu mwenyewe kwa kufikiria angefanyaje yeye akifumba macho. Na kwa kuwa yeye akifumba macho hata chumba chake hawezi kukivuka, anaamua kwamba nawe hutaweza. Karibu kila hatua iliyomo humu inakusaidia kumpa jibu la kweli kabla hajajitungia la kwake.

Nawaandikia wasioona kabisa na wenye uoni hafifu. Pale mahitaji ya makundi haya mawili yanapotofautiana, nitasema.

Hatua ya 1: Ujue uoni wako kwa maneno yanayoeleweka

Ukisema "macho yananisumbua", hakuna atakayejua akuwekee meza wapi wala taa ya namna gani. Anza kwa daktari wa macho na umwombe vipimo kwa maandishi. Kipimo cha 6/18 maana yake unachokiona ukiwa mita 6, mwenye uoni wa kawaida hukiona akiwa mita 18. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, uoni ulio chini ya 6/18 katika jicho lenye nafuu huhesabiwa kuwa uoni hafifu, na ulio chini ya 3/60 huhesabiwa kuwa upofu. Cheti chenye namba hizo kitunze vizuri, maana utakihitaji unapodai haki zako.

Namba hizo hata hivyo hazisemi unaishije. Glakoma, yaani presha ya macho, kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni, hivyo mtu anaweza kusoma barua bila taabu kisha akajikwaa kwenye kiti kilicho ubavuni mwake. Aliyeharibika sehemu ya katikati ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, hutembea vizuri, lakini uso wa anayezungumza naye haupati. Mwenye ualbino mara nyingi huumizwa na mwanga mkali, na ukimkalisha akielekea dirisha umemnyima nusu ya uwezo wake.

Kwa hiyo andika ukurasa mmoja wako mwenyewe. Unasoma maandishi ya ukubwa gani, na kwa muda gani kabla macho hayajachoka? Mwanga unaokufaa ni upi? Ngazi unaziona? Giza likiingia unatembeaje? Uoni wako umetulia au unabadilika? Ukurasa huu hutampa kila mtu, lakini ndio utakaokuwezesha kujibu kwa sentensi moja iliyonyooka pale wengine wanapobabaika.

Hatua ya 2: Miliki zana zako kabla hujatafuta kazi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi hukwama. Mtu hupata kazi, kisha hutumia miezi mitatu ya majaribio akijifunza kibodi. Miezi hiyo ilikuwa ya kuthibitisha uwezo.

Kwa asiyeona, na kwa mwenye uoni hafifu ambaye macho yake huchoka mapema, zana kuu ni kisoma skrini, yaani programu inayosema kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kompyuta au simu. NVDA hutolewa bure na hutumika kwenye Windows. Aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, akashirikiana na James Teh, wote wawili wakiwa hawaoni. Inakuja na sauti kadhaa, Kiswahili kikiwemo. JAWS ni ya kulipia na imeenea katika maofisi makubwa. Windows ina Narrator ndani yake, Mac na iPhone zina VoiceOver, na simu za Android zina TalkBack. Chagua moja ya kompyuta na moja ya simu, uzijue mpaka vidole viende vyenyewe.

Kuijua kwenyewe kuna ngazi zake. Kwanza ni kuandika kwa vidole vyote kumi bila kutafuta herufi. Vitufe vya F na J vina vinundu vidogo, weka vidole vya shahada hapo na kibodi nzima utaipata kwa mpangilio. Ngazi ya pili ni kuacha kusikiliza kila kitu kuanzia juu hadi chini. Ukiwa na NVDA kwenye tovuti, bonyeza H na utarukia kichwa cha habari kinachofuata, K utarukia kiungo, F sehemu ya kujaza fomu, T jedwali. Asiyejua hili husikiliza menyu ileile kila anapofungua ukurasa. Anayelijua huifikia habari anayoitaka kwa mibonyezo miwili au mitatu, na mwenzake anayeona hubaki akitafuta kipanya. Ngazi ya tatu ni kasi ya sauti. Iongeze kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Mwanzoni utaona maneno yanagongana, baadaye sikio huzoea, na hapo ndipo unapoanza kwenda sambamba na wenzako.

Kuna pia nyaraka zilizopigwa picha, ambazo kisoma skrini kinaziona kama karatasi tupu. Jifunze programu za kutambua maandishi ndani ya picha. NVDA kwenye Windows 10 na matoleo yaliyofuata hufanya hivyo ukibonyeza kitufe chake maalumu (kwa kawaida Insert) pamoja na R. Kwenye simu, Seeing AI husoma karatasi iliyo mbele ya kamera, na Be My Eyes hukuunganisha na mtu wa kujitolea anayekuonea kupitia kamera hiyo hiyo. Hati za siri za ofisini usizipitishe huko kabla ya kuuliza utaratibu.

Kuhusu breli, yaani maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa vidole, nina msimamo. Kama uliifahamu shuleni, usiiache eti kwa kuwa siku hizi kompyuta inasema. Anayehutubia akiwa na dondoo za breli chini ya vidole anazungumza huku akisoma, jambo ambalo sauti ya masikioni haikupi kwa urahisi. Tahajia ya majina na mpangilio wa namba navyo hukaa kichwani zaidi vikipitia vidoleni.

Mwenye uoni hafifu aanze na kikuzaji kilichomo ndani ya kompyuta. Kwenye Windows ni kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Jaribu maandishi meupe kwenye mandhari nyeusi, kishale kikubwa cha kipanya, na taa ya mezani inayoinamisha mwanga kwenye karatasi na kuuepusha na macho. Tafadhali jifunze na kisoma skrini pia, hata kama leo unasoma kwa macho. Saa ya nane ya kazi si sawa na saa ya kwanza.

Mwisho katika hatua hii ni mwendo. Kutembea kwa fimbo nyeupe hadi mahali usipopajua ni ujuzi wa kazi sawa na kuandika ripoti, na ukipata mkufunzi wa mwendo wa wasioona usimwache.

Hatua ya 3: Ivunje kazi vipande vipande

Usichague kazi kwa kutazama jina lake. Chukua tangazo, liandike upya kama orodha ya vitendo, kisha mbele ya kila kitendo andika wewe unakifanyaje. Tuseme tangazo ni la ofisa wa huduma kwa wateja. Kupokea simu: hedifoni yenye sikio moja la simu na moja la kisoma skrini. Kutafuta kumbukumbu za mteja: kibodi, iwapo mfumo wao unasomeka. Kujaza ripoti ya siku: Excel, ambayo kisoma skrini hukutajia safu na mstari uliopo. Kusoma fomu zilizojazwa kwa mkono: hapa weka alama ya kuuliza, na uje na pendekezo.

Utaona kwamba alama za kuuliza ni chache kuliko ulivyodhani, na zile zilizobaki unazijua kwa majina. Tazama pia masharti yaliyowekwa kwa mazoea tu. "Awe na leseni ya udereva" kwa msimamizi wa miradi mara nyingi maana yake ni kwamba awe anaweza kufika vijijini. Kufika kunawezekana kwa njia nyingine. Uliza.

Kuna watakaokuambia kwamba kazi fulani haijawahi kufanywa na asiyeona. Zak Yacoob, aliyepoteza uoni akiwa na miezi 16, alikuwa jaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini kuanzia 1998 hadi 2013, kazi ambayo ni kusoma nyaraka tangu asubuhi hadi usiku. David Blunkett, asiyeona tangu kuzaliwa, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza. Chieko Asakawa wa Japani, aliyepofuka akiwa na miaka 14, alitengeneza akiwa kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM programu ya kusoma tovuti kwa sauti iliyotoka mwaka 1997. Siwataji ili ujilinganishe nao. Nawataja kwa sababu sheria, siasa na uhandisi ni fani ambazo watu huzitoa mapema kwenye orodha, na kumbe zimeshafanywa.

Hatua ya 4: Maombi

CV yako itasomwa na macho, kwa hiyo mwonekano wake una uzito hata kama wewe huuoni. Tumia kiolezo cha kawaida, aina moja ya herufi, vichwa vilivyowekwa kwa mitindo ya Word, bila masanduku wala safu mbili. Ukimaliza, pitia herufi kwa herufi kwenye majina na tarehe, na uulize kisoma skrini kuhusu aina na ukubwa wa maandishi, maana aya iliyonakiliwa kutoka kwingine huja na sura yake. Kisha mpe mtu anayeona aitazame kwa dakika tano tu, akuambie kama kuna kitu kimekaa upande.

Fomu za mtandaoni zitakusumbua. Nyingine zina vitufe visivyo na majina, nyingine zinakutaka utambue picha ili kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Usiishie kukata tamaa kimyakimya. Waandikie barua pepe kabla ya tarehe ya mwisho, eleza sehemu gani haisomeki, ambatisha CV na barua yako, na uombe wazipokee kwa njia hiyo. Ombi lako litakuwa na tarehe na ushahidi.

Hatua ya 5: Kusema au kutosema

Swali hili huwanyima watu usingizi, na sheria za nchi hazifanani kuhusu mwajiri anaruhusiwa kuuliza nini na lini. Msingi mpana upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006 na kuanza kutumika 2008, unazungumzia kazi na ajira katika kifungu cha 27, na unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mtu anapewa marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Kifungu cha 2 kinahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Angalia sheria ya nchi yako inavyolitafsiri hilo.

Ushauri wangu: kwenye CV usiandike, isipokuwa kama tangazo limewakaribisha waziwazi watu wenye ulemavu, au uzoefu wako wenyewe unatokana na kazi za ulemavu. CV ni ya ujuzi. Ukishaitwa kwenye usaili, hapo sema, siku chache kabla. Kuingia na fimbo nyeupe mbele ya jopo lisilojua kunakula dakika kumi za kwanza za mshangao wao, na dakika hizo ni zako. Mwenye uoni hafifu usioonekana kwa mtu ana uhuru zaidi wa kuchagua, ila kama kutakuwa na mtihani wa karatasi, aseme mapema.

Ujumbe uwe mfupi, wa kiutendaji, bila kuomba radhi:

"Nashukuru kwa kunialika kwenye usaili wa Jumanne. Nina ulemavu wa kuona na ninatumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini. Kama kutakuwa na mtihani wa maandishi, naomba niupate kama faili la Word, nami nitakuja na kompyuta yangu. Ningefurahi pia kama mtu wa mapokezi atanielekeza hadi chumba cha usaili. Kwa swali lolote kuhusu mipango hii, nitapatikana kwa simu hii."

Ujumbe huo hauna historia ya ugonjwa, na hauna haja ya kuwa nayo.

Hatua ya 6: Usaili

Nenda ukaijue njia siku moja kabla. Siku yenyewe, ukikaa, waombe wanajopo wajitambulishe kwa majina ili ujue kila sauti imetokea wapi, kisha uelekeze uso kwa anayeuliza. Mwenye uoni wa kati uliokufa anaweza kuwaambia: "Nikitazama kidogo pembeni, ndivyo ninavyowaona vizuri."

Swali la "utafanyaje kazi" lisipoulizwa, liibue mwenyewe. Kuna wanajopo wanaoogopa kwamba kuliuliza ni utovu wa adabu, kwa hiyo wanakuaga kwa upole na kumpa kazi mwingine. Chukua ile orodha ya hatua ya 3 na uiseme: "Huenda mnajiuliza nitafanyaje kazi za kila siku. Barua pepe na ripoti nazifanya kwa kisoma skrini, na naweza kuwaonyesha kwa dakika mbili. Fomu zilizoandikwa kwa mkono ndizo zitakazonihitaji nisaidiwe, na napendekeza mwenzangu anisomee kwa nusu saa kila asubuhi, nami nimpunguzie sehemu ya simu zake."

Wakikubali, waonyeshe. Uwe na jedwali dogo tayari, lenye majina na kiasi. Toa hedifoni, punguza kasi ya sauti mpaka nao waelewe, ingia kwenye jedwali, nenda safu ya kiasi, andika fomula ya jumla, waache wasikie jibu likitajwa. Kisha pandisha kasi irudi ilivyo kawaida yako na urudie. Chumba hubadilika. Maswali yanayofuata huwa ya kazi yenyewe, na humo ndimo unamotaka kuwa.

Wakikupa mtihani kwenye kompyuta yao isiyo na kisoma skrini, kumbuka kwamba NVDA ina toleo linalobebeka kwenye flashi na linaweza kufanya kazi bila kusakinishwa, wakiruhusu. Na kama unahitaji muda wa ziada, uombwe kabla ya saa kuanza.

Hatua ya 7: Kati ya kukubaliwa na mwezi wa kwanza

Kabla hujasaini, uliza wanatumia mifumo gani ya kompyuta na uombe kuijaribu. Hili ni muhimu kuliko meza na kiti. Mfumo wa malipo au wa kumbukumbu uliotengenezwa bila kufikiria kibodi unaweza kuifunga nusu ya kazi yako, na ni afadhali ulijue hilo wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

Marekebisho yaombe kwa maandishi, kila moja na sababu yake ya kikazi. Mengi hayana gharama: meza isiyotazama dirisha, nyaraka za kikao siku moja kabla, njia isiyowekwa maboksi, ruhusa kwa fundi wa kompyuta kusakinisha kisoma skrini na kuweka njia zake za mkato za kibodi. Kama unashughulikia siri za watu, washa pazia la skrini la NVDA. Kioo huzimika, wewe unaendelea kusikia, na anayepita nyuma yako haoni kitu.

Wafundishe wenzako mambo machache siku za mwanzo, kwa sauti ya kawaida. Waseme majina yao wanapoanza kuzungumza kikaoni. Wanapokuongoza, wakupe kiwiko ukishike, wasikuvute mkono. Wakihamisha kiti au pipa la taka, wakuambie. Na kikao cha mtandaoni kina jambo ambalo karibu kila mtu halijui: anayeonyesha skrini yake anatuma picha tu, na kisoma skrini chako hakisomi chochote humo. Omba faili lenyewe litumwe kabla, ulifungue upande wako na kwenda nao sambamba.

Hatua ya 8: Kukua

Hatari kubwa baada ya kuajiriwa ni wema unaokupunguzia kazi. Msimamizi mwenye roho nzuri anakuondolea safari, kisha wasilisho, kisha mradi mgumu, na siku ya kupandishwa cheo huna cha kuonyesha. Ukiona kazi imehamishiwa kwa mwingine "ili usisumbuke", nenda siku hiyo hiyo ukaseme: "Naomba hii ibaki kwangu. Nitakuletea mpango wa namna nitakavyoifanya." Kisha peleka mpango kweli.

Msaada upokee, lakini uwe wa kupeana. Anayekusomea karatasi asubuhi mwandikie rasimu ya barua mchana, kama uandishi ndio nguvu yako. Watafute pia wasioona wengine wanaofanya fani yako, hata wakiwa nchi nyingine. Wao ndio watakaokuambia ni toleo gani la mfumo fulani limeharibu vitufe na namna ya kulikwepa, jambo ambalo fundi wa ofisini hatalijua. Kila mfumo unapotaka kubadilishwa kazini, omba uwe kati ya wanaoujaribu kwanza.

Kama uoni unapotea ukiwa tayari kazini

Usiandike barua ya kujiuzulu katika wiki za mwanzo za mshtuko. Kifungu cha 27 nilichokitaja kinawataja pia waliopata ulemavu wakiwa kwenye ajira. Omba likizo ya ugonjwa, pata cheti cha daktari, na uombe kwa maandishi muda wa mafunzo ya kisoma skrini na mwendo kabla ya kurudi. Uzoefu wako wa miaka unabaki nao. Kinachobadilika ni njia ya kuufikisha mezani. Kisha rudi hatua ya 2 na uanze na kibodi, nusu saa kila siku, hata kama bado unaona kiasi. Ule ukurasa wa hatua ya 1 uandike upya kila baada ya miezi sita, upeleke nakala kwa msimamizi, na mrekebishe mipango pamoja kabla kazi haijaanza kuchelewa.